Muulize Mzee wa Chupa: daipa kwa choo, maji ya Nakuru na mkate ndani ya nailoni

Mvua ikinyesha Kisumu usiku mmoja tu, asubuhi yake mitaro inatoa siri zote za mtaa, chupa, malapa ya mguu mmoja, vichwa vya wanasesere, na mimi najua wiki hiyo barua zitakua za taka. Kwa wageni wa safu hii: nilinunua plastiki kwa kilo karibu na soko la Kibuye miaka kumi na moja kabla mgongo haujakataa, kwa hivyo najibu kama mtu wa mizani, si mtu wa maabara. Haya twende.

*Mzee habari yako. Naishi Nyalenda, ploti yetu ina nyumba nane na choo kimoja cha shimo. Mwezi jana landilodi aliita gari la kunyonya choo, dereva akaingiza paipu ikaziba, akatoa akaangalia akasema hapa kumejaa daipa yeye hawezi, akalipwa pesa ya mafuta akaenda. Sasa kila mtu ananiangalia mimi kwa sababu ndio niko na mtoto mdogo. Ukweli zingine ni zangu lakini si zote, kuna mama wengine wawili na mmoja alishahama. Nikiweka kwa taka kijana wa taka anasema zinanuka na mbwa wanapasua. Nikichoma haziungui, zinatoa tu moshi. Nizipeleke wapi? – Mama Mtoto, Nyalenda*

Mama Mtoto pole sana. Kwanza hiyo ploti iache kukuangalia peke yako, choo hakijai daipa kwa mtoto mmoja, hata huyo aliyehama ameacha zawadi yake hapo chini.

Nataka ufanye kitu kimoja jioni watoto wakilala. Chukua daipa moja mpya, ikate na makasi juu ya beseni. Nje utapata plastiki laini isiyopitisha maji, ndugu yake jwala, ule mfuko mwepesi wa plastiki. Ndani kuna ile nyeupe laini kama kitambaa inayogusa mtoto, hiyo pia ni plastiki usidanganyike. Katikati kuna pamba ya mbao imechanganywa na chembe ndogo kama chumvi. Sasa zimwagie kikombe kimoja cha maji uone, zinavimba zinakua ute mzito hata ukigeuza beseni maji hayamwagiki. Hizo chembe ndizo zinafanya mtoto alale usiku mzima bila kulia, na hizo hizo ndizo zimemshinda dereva, kwa sababu daipa ikifika kwa shimo inaendelea kunywa mpaka ishibe, alafu inakaa hapo nzito kama mtoto wa mbuzi. Choo cha shimo kinafanya kazi kwa sababu mbili, mavi yanaoza na maji yanazama kwa udongo, na daipa inagoma kote kuwili. Na nyinyi watu wa Nyalenda maji ya chini yako karibu, shimo lenyewe halichimbwi refu, kwa hivyo linajaa haraka kuliko la mtu wa Riat kule mlimani.

Kuchoma wacha kabisa. Kitu kilicholowa moto wake haupandi, kinafuka tu, na moshi wa plastiki inayofuka ndio mchafu kuliko wote, alafu unaingia kwa nyumba ile ile mtoto amelala.

Fanya hivi. Mavi yatoke kwanza yaende kwa choo, hayo ndiyo chakula cha shimo. Daipa ikunje, ifunge na tepi zake zenyewe, tia kwa ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana, nyunyiza jivu la jiko juu yake, harufu inapungua sana. Mbwa hafungui ndoo. Siku ya kijana wa taka mmwagie moja kwa moja kwa mkokoteni, usiache nje usiku, na umwongezee kitu kidogo maana hiyo ni kazi ya ziada, yeye hapati hata shilingi kwa daipa.

Na hapo ndipo swali langu la miaka yote linaingia, wasomaji wa zamani wanalijua. Kila kitu kikiingia kwangu nauliza, kikiisha nani atakinunua? Mtungi wa mafuta kuna mtu atanunua. Chupa ya soda kuna mtu. Daipa hakuna mtu, si Kisumu si Nairobi, kwa hivyo ni deni, na dawa ya deni ni kukopa kidogo. Mtoto akitumia tano kwa siku hiyo ni 150 kwa mwezi. Ukimfunga nepi ya kitambaa mchana ukaacha daipa mbili za usiku na safari, inabaki 60. Lakini kama maji unanunua kwa mtungi, hesabu hiyo kwanza, nepi zinakunywa maji na sabuni na sitakudanganya. Mke wangu amesoma hapa juu ya bega langu akacheka, ati mzee unafundisha watu nepi na haujawahi kuosha hata moja. Ni kweli.

Landilodi mwambie gari halitarudi mpaka hizo zitolewe kwa mkono. Kuna vijana wa kazi hiyo, wanatumia ndoana, huwa wanakuja usiku, na ploti yote ichange, nyumba nane. Wapewe glavu na gambuti. Tafadhali.

*Mzee, mimi niko Kaptembwo, Nakuru. Kifungua mimba wangu meno yamekua ya kahawia, tukaambiwa ni maji. Huyu wa pili tangu azaliwe tunamnunulia maji ya chupa za nusu lita, na chupa zimejaa mpaka chini ya kitanda. Mama mkwe anasema tunaringa tu, tuchemshe ya bomba. Nani yuko sawa? – Baba Wawili*

Baba Wawili, mama mkwe muheshimu lakini kwa hii amekosea. Kinachokula meno ni floraidi, inatoka kwa mawe ya volkano huko chini, Bonde la Ufa lote ni hadithi hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande wenu vinapita hapo. Ukichemsha maji vijidudu vinakufa lakini floraidi haiendi popote, maji yanapungua kwa mvuke na yenyewe inabaki, kwa hivyo ukichemsha sana unaizidisha. Na meno yanaharibika yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya ufizi, ndio maana huyo mdogo ndio wa kulinda sana, sio wewe.

Sasa chupa. Chupa ya nusu lita ina gramu kati ya 10 na 20, ziko nyepesi siku hizi, kwa hivyo kilo moja inataka chupa 50 mpaka 100. Hiyo safari yote ya kunywa, kwa kilo moja ya plastiki ambayo mtu wa skrap atakupa pesa ya nyanya. Na ile hajanunua inaenda Gioto, jaa la taka la Nakuru, mnajua Gioto iko wapi, iko juu ya mlima, mji uko chini, na ziwa liko chini ya mji. Ziwa Nakuru lina mito inayoingia, halina hata mmoja unaotoka. Kikifika huko kimefika. Sisi wa Victoria angalau tunasukumia Jinja huko Uganda, maji yanapotokea (hiyo sio sifa, najua).

Kwa hivyo tenganisha maji. Ya kuoga, kufua na kudeki ni ya bomba, hayana shida. Ya kunywa na kupika ndio unatafutia njia, na usisahau kupika maana uji na chai vinabeba maji mengi kuliko unavyofikiria. Kama una mabati weka gata na tangi, maji ya mvua hayana floraidi. Ama tafuta chujio la makaa ya mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, inashika floraidi. Hapo Nakuru kwenu Dayosisi ya Katoliki imefanya hiyo kazi miaka mingi mpaka watu wa nje wakaja kujifunza. Kumbuka tu makaa yakichoka yanabadilishwa, yakishachoka ni kama kuchuja maji na soksi. Ama mtungi wa lita 20 unaojazwa, na yule anayejaza muulize machine yake inatoa floraidi au inatoa tu uchafu, akianza kukohoa ondoka. Mtungi mmoja ni chupa 40 za nusu lita ambazo hazitalala chini ya kitanda.

*Niko na duka Busia. Mama wa nyanya jirani yangu alishikwa na majwala, zile za kuonekana ndani, zinavuka kutoka ng'ambo kila siku kila mtu anajua. Swali langu Mzee, mkate umefungwa na nailoni, maziwa plastiki, sukari imetoka kiwandani na plastiki, na hao hawashikwi. Kwani plastiki ya maskini ndio inachafua? – Mwenye Duka*

Umeuliza vizuri mpaka nimeisoma mara mbili.

Tuanze na sheria yenyewe. Notisi ya serikali ilitolewa 28 Februari 2017 ikaanza kazi 28 Agosti mwaka huo. Ilipiga marufuku mifuko ya kubebea na ile bapa ya kufungia, faini milioni 2 mpaka 4 ama jela mwaka 1 mpaka 4. Faini ni hiyo moja, kwa mama wa nyanya na kwa tajiri. Lakini kuna mlango uliachwa wazi, bidhaa ikifungwa kiwandani na plastiki inaigusa yenyewe, hiyo inaruhusiwa. Kwa hivyo nailoni ile ile, wewe ukipimia mteja sukari robo kwa kaunta ni makosa, kiwanda kikiifungia sukari hiyo hiyo ni biashara. Na ng'ambo huko Uganda kaveera, yaani jwala, imepigwa marufuku mdomoni miaka mingi lakini inauzwa, ndio maana inavuka.

Mimi sitasema sheria ilikua mbaya. Nakumbuka 2016 miti ya barabara ya Kondele ilikua inazaa majwala, na buchari mmoja rafiki yangu alikua akipasua mbuzi anatoa nailoni kwa tumbo kama mtu anatoa nguo kwa begi. Hiyo imepungua, mtu asiyeiona hakuwepo. Lakini walikata tawi la chini kwa sababu ndilo mkono ulifika.

Angalia shelfu yako mwenyewe. Hizo za kadogo, vipimo vidogo vya pesa kidogo, sabuni ya unga, majani ya chai, mafuta ya kupaka, royco, zote ziko kwa kapaketi. Kapaketi kamoja kakikatwa utaona kanang'aa ndani, hiyo ni plastiki na alumini zimegandishwa pamoja, huwezi kuzitenganisha, na nikiwa na mizani yangu nilikua nakataa hata kubebewa bure. Watu wanasema maskini ananunua kadogo kwa hivyo kapaketi ni kwa ajili yake. Uongo! Mimi nimekua nikitumwa dukani na chupa kununua mafuta ya taa, na kisahani kununua kimbo ya kupima, kadogo ilikuwepo na takataka haikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba kupima kulihama kutoka kwa kaunta kukaenda kiwandani, faida ikaenda nayo, na takataka ikabaki kwenu.

Kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ambayo inasema anayeleta kifungashio sokoni abebe mzigo wake mpaka mwisho, na kanuni zake zikafuata 2024. Kwa karatasi ni nzuri. Mimi nitaamini siku nitaona mtu ameajiriwa kununua vipaketi Busia. Hata wakubwa wa dunia wenyewe, walikubaliana Nairobi Machi 2022 kwamba kuwe na mkataba wa plastiki, wakakutana Busan mwisho wa 2024 ikashindikana, wakakutana Geneva Agosti 2025 ikashindikana tena, kwa sababu wengine hawataki kusikia neno kupunguza, wanataka tuongelee kuokota tu. Na kuokota kuna kikomo, duniani ni kama asilimia 9 tu ya taka za plastiki ambazo zinatengenezwa upya.

Kwa duka lako, rudisha kupima pale unaweza. Maziwa ya ATM, ile mashine ya kupimia, umeyaona, mtu anakuja na chupa yake. Mafuta ya salad pia kuna mashine za kupima, ama mtungi na kipimo cha kawaida, safi, chenye mfuniko. Sukari na mchele fungia kwa karatasi ya kaki. Alafu mteja akija na chombo chake mkatie shilingi moja, utaona vile vikopo vitatoka majumbani. Na mama wa nyanya mwambie nyanya haikuwahi kuhitaji mfuko, inahitaji kikapu cha mwenye kununua.

*Nikiwasha jiko na paketi ya maziwa ni mbaya? Inashika haraka. – Bungoma*

Mbaya. Inashika haraka kwa sababu ni mafuta ya petroli yamevaa nguo. Bungoma nyinyi mna magunzi ya mahindi mpaka yanaoza, kausha, vunja vunja, washa.

*Mzee shida yangu ni aibu kidogo. Tangu jwala zikatazwe mimi nanunua ile mifuko ya kitambaa kwa supamaketi kila nikisahau wangu, na huwa nasahau kila siku. Juzi nimehesabu nikapata 43 nyuma ya mlango. Lakini si ni kitambaa, nikichoka nayo itaoza? – Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu wangu, leta mmoja karibu na dirisha. Utaona vidoti vidogo vimebanwa banwa mstari kwa mstari kama ngozi ya nanasi, na hakuna uzi uliosukwa. Kitambaa kina uzi wa kwenda na wa kurudi. Sasa kata kipande cha ukucha, shika na koleo, washa kiberiti ukiwa nje. Pamba ingeungua ikawa jivu na harufu ya karatasi. Hii itakunjamana, itayeyuka, itadondosha tone na hilo tone likipoa ni gumu. Hiyo ni plastiki, polipropilini, ile ile ya kiti cha hoteli, wameinyunyiza tu nyembamba. Haiozi, inachakaa, inakua vumbi la plastiki nyuma ya mlango wako.

Makosa yako hayakua kununua wa kwanza, ni hiyo 42 ingine. Peleka 40 sokoni uwagawie akina mama wa mboga wampe mteja aliyesahau, mmoja uning'inize kwa msumari wa ndani ya mlango pale mkono unashika kitasa, mmoja ukae kwa mkoba wa shule, mmoja mpe jirani. Mwalimu wa shule 43 jamani.

*Tulisikia samaki wa ziwa wana plastiki. Tuache ngege? Sisi hapa Maseno ndio nyama yetu. – Mwanafunzi*

Usiache kijana wangu. Yaliyoandikwa ni haya: watafiti walinunua mbuta na sato sokoni Mwanza, upande wa Tanzania, wakapasua, wakapata plastiki kwa matumbo ya samaki mmoja kati ya watano hivi, kwa aina zote mbili, matokeo yakatoka 2016. Sato ndio ngege. Ilikua kwa utumbo, na utumbo wa ngege wewe unatupa. Omena ndio tunaila na kila kitu chake, kwa hivyo hiyo hata mimi huwa naitoa kichwa na tumbo nikiwa na wakati, na nikiwa na njaa sitoi.

Usifikirie ni chupa pekee. Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi Kisumu, asubuhi angalia nyavu, ni nailoni, maboya ni vipande vya mitungi na chupa kuukuu, kamba ni plastiki, na zikikatika usiku hakuna anayerudi kuzitafuta. Ongeza maji ya kufua, ile jezi ya poliesta ya mitumba ikisuguliwa inatoa nyuzi ndogo hauwezi kuziona, na maji hayo yanaenda kwa mtaro, mtaro unaenda mto Auji, Auji inaenda ziwani. Mwaka 2021 ile mashua ya Flipflopi ilikuja mpaka ziwa letu, imetengenezwa Lamu na plastiki iliyookotwa, malapa kwa maelfu yamebandikwa ubavuni, watu wakapiga picha sana. Nilifurahi, lakini macho yangu yalikua kwa mtaro ulio nyuma ya watu waliokua wanapiga picha.

*Niko Ahero, nimekusanya magunia sita ya chupa za soda na maji. Broka anakuja Jumamosi. Nisidanganywe vipi?*

Sasa hapa ndio nyumbani. Toa vifuniko uviweke kando, hivyo ni plastiki ingine na vikijaa ndoo vinauzwa peke yake. Ile karatasi ya jina ivue. Chupa zenye mafuta ya kupikia weka mbali, moja inachafua gunia zima na atatumia hiyo kushusha bei ya zote. Kanyaga zikunjike, gunia lililokua la chupa nzima litabeba mara mbili. Usiweke maji wala mchanga ndani kuongeza uzito, broka wa zamani anatikisa gunia anasikia, na baada ya hapo hata ukija na dhahabu atakupimia kama mwizi.

Siku ya Jumamosi azima mizani ya mtu wa posho mill upime mwenyewe asubuhi, andika. Akija atasema anatoa kilo moja kila gunia kwa ajili ya uzito wa gunia. Hapo usibishane, chukua gunia tupu ulitundike kwa mizani yake yeye mwenyewe mbele yake. Gunia la nailoni likiwa kavu halifiki hata robo kilo.